Umejumlisha 5 na 3 Ukapata 53? Kutafuta Kosa Kwenye Mazoezi ya Kwanza ya Python

Kila kundi jipya la wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huniletea malalamiko yaleyale. Zoezi linaweza kuwa la kukokotoa chenji ya dukani, la kutoa daraja la mtihani au la kujua kama mwaka ni mrefu (wenye siku 366), lakini ukisogea karibu na kioo unakuta kosa ni lile la mtu wa wiki iliyopita. Nimeyapanga hapa kwa maneno ambayo watu huyatumia wanaponiita. Tafuta kichwa kinachofanana na kilio chako, uanze na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Kadiri unavyoshuka, sababu zinakuwa adimu na dawa zinakuwa ndefu.

Mazoezi haya yote yana hatua tatu: programu inapokea kitu kutoka kwa mtumiaji, inapiga hesabu, kisha inaamua. Wanaoanza hukimbilia hatua ya tatu kwa sababu dalili huonekana huko. Mimi huanzia mlangoni, kwenye `input`. Makosa mengi huingilia hapo, yakaja kujitokeza mistari kumi mbele. Kabla hujabadilisha chochote, weka mstari huu chini ya kila `input`:

```
print(repr(umri), type(umri))
```

Ukiona `'17' <class 'str'>`, zile alama za nukuu zinakuambia kwamba umeshika maandishi. Ukiona `17 <class 'int'>`, umeshika namba kamili. `float` ni namba ya desimali. Ukimaliza uchunguzi, ufute mstari huo.

Na programu ikitema ujumbe mrefu wa kosa, usianze kuusoma juu. Mstari wa chini kabisa ndio unaotaja kosa, na juu yake kidogo utaona namba ya mstari uliokwama. Soma hiyo miwili kwanza.

## "Nimejumlisha 5 na 3, imeniletea 53"

```
a = input("Namba ya kwanza: ")
b = input("Namba ya pili: ")
print(a + b)
```

Python haijasahau kujumlisha. `input` hurudisha maandishi siku zote, hata kama mtumiaji amebonyeza tarakimu tupu, na alama ya `+` ikikaa kati ya maandishi mawili huyaunganisha. Umeunganisha "5" na "3". Badilisha pale pale mlangoni:

```
a = int(input("Namba ya kwanza: "))
```

Angalia mabano mawili ya kufunga mwishoni. Ukisahau moja, Python ya toleo la 3.10 na kuendelea itakuambia `'(' was never closed`. Matoleo ya nyuma mara nyingi hulaumu mstari unaofuata, ambao hauna hatia yoyote. Nimemwona mtu akiufuta mstari mzima na kuuandika upya mara tano, na bano lilikuwa limekosekana mstari wa juu.

Kama umeshaweka `int` na bado unapata 53, huenda umeiweka peke yake namna hii:

```
a = input("Namba ya kwanza: ")
int(a)
```

Mstari wa pili umetengeneza namba, kisha ukaitupa. `a` bado ni maandishi. Andika `a = int(a)`.

Tatizo hili lina ndugu zake. Ukizidisha `"5" * 3` unapata 555, kwa sababu maandishi yamerudiwa mara tatu. Ukijaribu kutoa, unapata `TypeError: unsupported operand type(s) for -: 'str' and 'str'`, na hapo una bahati, kwa sababu programu imesimama na kukuambia. Ndugu wa hatari ni ulinganishaji. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi, kama maneno yanavyopangwa kwenye kamusi. Kwa hiyo `"100" > "95"` ni uongo mbele ya Python, maana "1" inatangulia "9". Programu ya kumtafuta aliyepata alama nyingi itamtangaza mwenye 95 kumshinda mwenye 100, bila ujumbe wowote wa kosa. Ukiona mshindi asiyestahili, rudi kwenye `repr`.

Sababu iliyo adimu ila inachanganya sana: umetumia jina la amri kama jina la thamani yako. Ukiandika `input = input("Umri: ")`, mara ya kwanza inakubali, na `input` ya pili inakujibu `TypeError: 'str' object is not callable`. Ndivyo ilivyo pia kwa `int`, `sum`, `max` na `print`. Wape thamani zako majina ya Kiswahili, kama `umri`, `jumla` au `bei_ya_sukari`, na tatizo hili utalikuta mara chache sana maishani.

Tahadhari. Utakutana na ushauri wa kuandika `eval(input())` ili "ibadilishe yenyewe". Usiufuate. `eval` huendesha chochote alichoandika mtumiaji kana kwamba ni amri yako mwenyewe, ikiwemo amri ya kufuta mafaili.

## "ValueError: invalid literal for int() with base 10"

Ujumbe huu unatisha kwa urefu wake, lakini ni mkarimu kuliko yote, maana mwishoni unakuonyesha kati ya alama za nukuu kile hasa kilichoshindwa kugeuzwa. Angalia hapo tu.

Ukiona `'12.5'`, mtumiaji ameandika desimali na wewe umeomba namba kamili. Tumia `float`. Hata `'12.0'` inakataliwa na `int`, kwa hiyo usijiulize kwa nini.

Ukiona `'2,500'` au `'2,500/='`, mtumiaji ameandika bei kama anavyoiona kwenye rafu za duka. Dawa rahisi ni kurekebisha swali: `input("Bei, tarakimu tupu, mfano 2500: ")`. Dawa ya ndani kidogo ni kuondoa koma kabla ya kugeuza:

```
bei = int(input("Bei: ").replace(",", ""))
```

Kuwa mwangalifu na hii. Msomaji aliyesomea Burundi au Kongo, shule za mfumo wa Kifaransa, huandika desimali kwa koma: kilo 12,5. Ukiifuta koma hiyo unapata kilo 125, na programu inaendelea kwa utulivu kabisa. Futa koma kwenye bei za shilingi nzima tu. Kwenye vipimo, uliza kwanza koma ina maana gani kwa watu wako.

Ukiona `''`, mtumiaji amebonyeza Enter bila kuandika kitu. Ukiona `'1O'`, angalia vizuri: hiyo ni herufi O, si sifuri. Nafasi tupu pembeni ya namba si tatizo, kwani `int(" 12 ")` inakubali bila kulalamika. Usipoteze muda kuzitafuta.

Kama umeshafundishwa vitanzi, dawa ya kudumu ni hii:

```
while True:
    try:
        bei = int(input("Bei: "))
        break
    except ValueError:
        print("Andika tarakimu tupu, mfano 2500.")
```

Andika `except ValueError`, usiandike `except` peke yake. Ile ya peke yake humeza hata Ctrl+C, na utajikuta umefungiwa ndani ya swali usiloweza kutoka.

## "Imekaa kimya, haifanyi kitu"

Mara nyingi programu inakusubiri wewe. Ukiandika `input()` bila swali ndani yake, kioo kinabaki kitupu kikisubiri uandike. Andika kitu, bonyeza Enter, uone.

Kama hairuhusu kuandika kabisa, huenda unaendesha kwenye kidirisha cha kuonyeshea matokeo tu. Baadhi ya vihariri, yaani programu za kuandikia msimbo, vina vidirisha vya namna hiyo. Endesha kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kwenye baadhi ya tovuti za kuandikia Python utapata `EOFError: EOF when reading a line`: huko majibu hujazwa kwanza kwenye kisanduku chake, kila jibu mstari wake, ndipo unaendesha. Na dirisha jeusi la Windows likifunguka na kufungika kufumba na kufumbua baada ya kubofya faili mara mbili, programu imemaliza kazi ikafunga. Ifungue kupitia IDLE, kihariri kinachokuja na Python, au terminali.

## "Jibu linatoka, ila si lenyewe"

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa. Ukishahakikisha kwamba kilichoingia ni namba, sababu ya kwanza ni mabano.

`60 + 70 + 80 / 3` haileti wastani wa 70. Inaleta 156 na ushei, maana kugawanya kunatangulia kujumlisha, kama ulivyofundishwa darasani. Andika `(60 + 70 + 80) / 3`. Utapata `70.0` badala ya `70`, na hilo si kosa: alama ya `/` hutoa desimali siku zote.

Zoezi ninalolipenda kwa kufundishia jambo hili ni la kugeuza saa ya mfumo wa 24 kuwa saa yetu ya Kiswahili. Saa 13:00 ni saa 7 mchana. Mwanafunzi anafikiri vizuri: natoa 6, nachukua baki ya kugawanya kwa 12. Anaandika:

```
s = int(input("Saa (0 hadi 23): "))
print("Saa", s - 6 % 12)
```

Anajaribu 13, anapata 7. Anajaribu 7, anapata 1. Anafurahi, anafunga kompyuta. Kesho yake namwambia ajaribu 20, programu inasema saa 14. Anajaribu 3, inasema saa -3. Alama ya `%`, inayoleta baki, ina uzito sawa na kugawanya, kwa hiyo Python ilifanya `6 % 12` kwanza, ambayo ni 6, kisha ikatoa. Saa za kuanzia 7 hadi 18 zote zilikuwa zinapita kwa bahati tu.

```
saa = (s - 6) % 12
```

Sasa 20 inaleta 2, na 3 inaleta 9, yaani saa 9 usiku. Kwenye Python baki ya namba hasi hufuata alama ya kigawanyo, hivyo `-3 % 12` ni 9. Ukihamia lugha za C au Java utapata -3, ukumbuke. Lakini bado hatujamaliza: jaribu 6 na 18. Zote zinaleta "Saa 0", na hakuna mtu kwetu anayeamka saa sifuri. Baki haiwezi kufika 12, kwa hiyo inahitaji msaada:

```
if saa == 0:
    saa = 12
```

Funzo la kazi hapa ni namna ya kujaribu. Jaribu namba za pembeni kabisa, yaani 0 na 23, jaribu zile ambazo jibu hubadilika, yaani 6 na 18, kisha moja ya katikati. Kujaribu 13 peke yake ni kuiuliza programu swali ambalo tayari inalijua.

Kwenye zoezi la chenji, kilio ni "inarudisha noti nyingi mno". Chukua chenji ya 8,700. Noti za 5,000 ni `8700 // 5000`, yaani 1, maana `//` hugawanya na kuacha namba kamili tu. Wengi huendelea kugawanya 8,700 ileile kwa 2,000, kwa 1,000, kwa 500 na kwa 200. Ukijumlisha kilichotolewa unapata shilingi 38,100, na hapo duka limefilisika kwa mteja mmoja. Baada ya kila noti, chukua kilichobaki:

```
baki = 8700
print("5000:", baki // 5000)
baki = baki % 5000
print("2000:", baki // 2000)
baki = baki % 2000
```

Endelea hivyo hadi mwisho. Itatoka noti moja moja ya 5,000, 2,000 na 1,000, pamoja na sarafu ya 500 na ya 200. Jumlisha uhakikishe ni 8,700. Ukipata desimali kwenye idadi ya noti, umetumia `/` badala ya `//`.

Sababu nyingine ni alama ya kipeo. Kwenye Python `5 ^ 2` si 25. Ni 7, kwa sababu `^` ni hesabu ya biti. Kipeo ni `**`.

Ya mwisho hapa ni desimali zenye mkia. `0.1 + 0.2` inaleta `0.30000000000000004`. Kompyuta yako haijaharibika: desimali huhifadhiwa kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haina mwisho katika mfumo huo, kama vile moja ya tatu isivyo na mwisho katika mfumo wetu wa kumi. Kwa kuonyesha, tumia `round(x, 2)`. Kwa kulinganisha, usiandike `== 0.3`. Kwa fedha, fanya hesabu kwa shilingi nzima au kwa senti nzima. Na ujue kwamba `round(2.5)` inaleta 2 na `round(3.5)` inaleta 4, kwani Python hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu. Mwalimu wa hesabu aliyekufundisha kupandisha nusu atashangaa.

## "Nikijibu hapana, inafanya kama nimejibu ndiyo"

```
jibu = input("Unaendelea? ")
if jibu == "ndiyo" or "ndio":
    print("Tunaendelea")
```

Hili nimelikuta kwa wanafunzi wazuri kabisa, na linatokana na nia njema: wanajua watu wengine huandika ndiyo na wengine ndio. Lakini Python inalisoma sharti hilo kama mawili. La kwanza, je, `jibu` ni sawa na "ndiyo"? La pili ni "ndio" peke yake, na maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo sharti zima ni kweli siku zote, hata ukijibu hapana, hata ukiandika matusi. Sahihi ni:

```
if jibu in ("ndiyo", "ndio"):
```

Ukirekebisha hapo, utaletewa kilio kingine kilicho kinyume chake: "nimejibu ndiyo, inakataa". Fungua `repr`. Utaona `'Ndiyo'` yenye herufi kubwa au `'ndiyo '` yenye nafasi mwishoni. Kibodi za simu hupenda kufanya yote mawili. Safisha mlangoni: `jibu = input("Unaendelea? ").strip().lower()`.

Kuhusu `=` na `==`: moja hutoa jina kwa thamani, mbili huuliza kama vitu viwili ni sawa. Ukiandika `if umri = 18:` Python haianzi kabisa, na hiyo ni huruma yake. Kwenye C sharti la namna hiyo hukubaliwa kimyakimya.

Kuna pia sharti lisilotimia kamwe. Kwenye zoezi letu la saa, mtu anataka usiku uanze saa 19 hadi kabla ya saa 6, anaandika `if 19 <= s < 6`. Hakuna namba iliyo kubwa kuliko 19 na ndogo kuliko 6 kwa wakati mmoja. Usiku unavuka kichwa cha siku, kwa hiyo ni `if s >= 19 or s < 6`. Isome kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya kuamini: "saa ni 19 au zaidi, *au* iko chini ya 6".

## "Mwanafunzi mmoja kapewa madaraja manne"

Kwenye mtihani wa Kidato cha Nne Tanzania, A ni kuanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Zoezi zuri, na makosa yake ni ya aina tatu.

Aliyepata 80 anachapiwa A, B, C na D: umetumia `if` nne zinazojitegemea, na 80 inazidi mipaka yote minne. Tumia `if` moja, kisha `elif`, inayoulizwa tu kama zilizo juu yake zimekataa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili, kila aliyefaulu anapata D: umeanza na `if alama >= 30`, na Python inaingia mlango wa kwanza uliofunguka, haitafuti ulio bora. Anza na 75 ushuke. Ya tatu ni mwanya. Ukiandika `65 <= alama <= 74` kwa B na `alama >= 75` kwa A, mwenye wastani wa 74.5 hana kwake. Kama `else` yako ni F, umemfelisha mtoto aliyekaribia A.

```
if alama < 0 or alama > 100:
    print("Alama haipo kati ya 0 na 100")
elif alama >= 75:
    print("A")
elif alama >= 65:
    print("B")
elif alama >= 45:
    print("C")
elif alama >= 30:
    print("D")
else:
    print("F")
```

Mstari wa kwanza unamkamata aliyeandika 755 akikusudia 75. Bila huo, anapewa A.

Mwaka mrefu nao hupimwa kwa miaka minne tu: 2024 ni mrefu, 2023 si mrefu, 1900 si mrefu, 2000 ni mrefu. Programu ikikosea 1900, umesahau kwamba mwaka wa karne lazima ugawanyike kwa 400.

Zoezi gumu zaidi la matawi ni kodi ya mshahara, PAYE. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza mwaka wa fedha 2021/22, kipato kinachotozwa kodi hadi 270,000 kwa mwezi hakikatwi kitu, na kinachozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8 *ya kile kilichozidi*. Karibu kila mwanafunzi huandika `kodi = kipato * 0.08`. Kwa kipato cha 300,000 anapata 24,000, na sahihi ni 2,400. Jaribu mpakani: kwa njia yake, mwenye 270,000 halipi kitu na mwenye 270,001 analipa zaidi ya 21,600. Nyongeza ya shilingi moja imempunguzia mtu mshahara! Ukiona jibu linaruka hivyo mpakani, umetoza kipato chote badala ya ziada. Andika `(kipato - 270000) * 0.08`.

Simama hapa. Zoezi hili ni la kujifunzia matawi. Usilitumie kukata mshahara wa mtu yeyote, hata wa msaidizi wa dukani kwako. Viwango hubadilishwa na sheria ya fedha, na kuna makato yanayotolewa kabla ya kodi. Kazi hiyo ni ya mhasibu mwenye viwango vya sasa vya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hali kadhalika programu yoyote itakayokokotoa dozi ya dawa: hata kama inafanya kazi vizuri kwenye kioo chako, isifike kwa mgonjwa bila mtaalamu wa afya na mwandishi wa programu mzoefu kuipitia.

## "Inakataa hata kuanza"

Kagua kwanza nukta mbili mwishoni mwa `if`, `elif` na `else`. Kisha nafasi za mwanzo wa mstari: vilivyo ndani ya `if` vinasogezwa ndani kwa nafasi nne. `IndentationError: expected an indented block` maana yake hukusogeza. `TabError` maana yake umechanganya kitufe cha Tab na nafasi za kawaida, jambo linalotokea ukinakili mistari kutoka kwa rafiki. Na kuna lisilo na ujumbe: mstari uliopaswa kuwa ndani ya `if` umeuacha nje, kwa hiyo unatekelezwa kila mara. Ukiona "Umefaulu" inachapwa kwa kila mtu, angalia kushoto kwake.

`NameError: name 'umri' is not defined` mara nyingi ni herufi: uliandika `Umri` juu na `umri` chini. Kwa Python hao ni watu wawili.

`invalid character '“' (U+201C)` ni alama za nukuu zilizopinda, za WhatsApp au Word. Zifute, uziandike upya kwenye kihariri.

Adimu, ila niliwahi kuikuta kwenye kompyuta za zamani za maabara: umeulizwa jina, ukaandika Asha, ukapata `NameError: name 'Asha' is not defined`. Hiyo ni Python 2, iliyoachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, ambayo `input` yake ilijaribu kuendesha ulichoandika. Andika `python --version` kwenye terminali. Ikianza na 2, jaribu `python3`.

## Wakati wa kuacha na kumwita mtu

Acha ikiwa ujumbe wa kosa unataja faili ambalo hukuliandika wewe. Kwanza hakikisha hukulipa faili lako jina la `random.py`, maana hilo huziba faili halisi la Python. Kama sivyo, usilifungue hilo faili kulirekebisha.

Acha ikiwa suluhisho uliloambiwa ni kuondoa Python kwenye Ubuntu au Linux nyingine. Mfumo wenyewe huitegemea, na unaweza kubaki na kompyuta isiyofungua vizuri. Kwenye kompyuta za maabara usisakinishe wala usifute kitu. Mwite fundi wa maabara.

Na acha ukishakaa saa nzima na mstari mmoja. Nenda kwa mwalimu au mwenzako aliyekutangulia ukiwa na vitu vinne: msimbo wako wote, ujumbe wote wa kosa kama ulivyotoka, ulichoandika kwa kibodi programu ilipouliza, na jibu ulilotarajia. Ukinitumia picha ya simu ya nusu ya kioo, kitu cha kwanza nitakachokuuliza ni hicho cha tatu.